Mtoto wa jicho: kwa nini hatukuuzii miwani, na nini kinakungoja hospitali

Kila mwaka mahindi yakishavunwa na baridi ya Juni ikishaanza kuuma, duka letu la miwani hapa Mwanjelwa, Mbeya, hupokea wazee wengi kuliko miezi mingine. Shughuli za shamba zimepungua, kuna fedha kidogo mkononi, na mtoto anayeishi mjini amesisitiza kwamba safari hii baba au mama apimwe macho. Wengi huingia na ombi lilelile: miwani ya zamani imekwisha nguvu, wanataka yenye nguvu zaidi. Baadhi yao huondoka bila miwani, wakiwa na barua yetu ya kwenda hospitali, na si wote wanaoondoka wakiwa wamefurahi. Makala hii tumewaandikia wao, pamoja na watoto wao, ambao mara nyingi ndio wanaopanga safari na kulipa nauli.

Msimu uliopita alikuja mama mmoja muuza mchele, akalalamika kwamba wateja wameanza kumdhulumu: anapewa noti ya elfu mbili, naye anarudisha chenji ya elfu kumi. Tulimkalisha mita sita kutoka kwenye ubao wa herufi, tukamfunika jicho la kushoto, akaona mstari wa juu peke yake. Tukambadilishia vioo kimoja baada ya kingine, na hakuna hata kimoja kilichomfikisha mstari wa pili. Tulipopunguza mwanga wa chumba na kummulika kwa kurunzi, katikati ya mboni, mahali panapopaswa kuwa peusi, palikuwa na weupe wa kijivu kama maji yaliyooshewa mchele. Huo ndio mtoto wa jicho. Wateja wake hawakuwa wezi, au tuseme si wote. Ukungu huo ulikuwa umemfifishia rangi, na noti zile mbili, moja ya kahawia na nyingine nyekundu, kwake zilikuwa zimekuwa kitu kimoja.

Nyuma ya mboni ya kila jicho kuna lenzi ndogo iliyo angavu kama maji safi, ambayo kazi yake ni kuukusanya mwanga na kuufikisha kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Umri unavyosonga, protini zilizomo ndani ya lenzi hiyo hubadilika na kushikamana, na uangavu wake ukapotea polepole. Uzee ndio sababu kubwa, ingawa kisukari, sigara, jeraha la jicho na matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii ya steroidi huweza kuuleta ugonjwa huu mapema zaidi. Wapo pia watoto wachanga wanaozaliwa nao, na hao hawapaswi kungojeshwa, kwa sababu jicho la mtoto lisilopata picha safi mapema halijifunzi kuona. Ukungu huu uko ndani ya jicho na hauna uhusiano na kile kinyama kinachotambaa kutoka kwenye kona ya jicho kuelekea katikati, ambacho watu wengi hukichanganya nao. Kwa kuwa uko ndani, hakuna tone, asali wala maji ya majani yanayoweza kuuyeyusha. Dawa za kienyeji zinazotiwa machoni haziifikii hata hiyo lenzi; zinachoweza kufanya ni kuiunguza konea, yaani tabaka angavu la mbele ya jicho, na kovu la konea ni tatizo gumu zaidi kuliko lile la kwanza.

Tunakiri kwamba sisi wenyewe hatukuwa waangalifu hivi tangu mwanzo. Miaka ya mwanzo ya duka hili tulimbadilishia miwani mzee mmoja wa Igawilo mara tatu, na kila mara ilimsaidia kwa miezi michache, halafu akarudi. Mtoto wa jicho wa aina ile, unaoanzia kwenye kiini cha lenzi, huibadilisha namba ya jicho, yaani nguvu ya miwani linayoihitaji, kadiri unavyokomaa, kiasi kwamba mzee anaweza kushangaa kuona anasoma Biblia bila miwani wakati magari barabarani hayaoni. Yeye alidhani amepona, nasi tulidhani tunamhudumia. Kumbe tulikuwa tunaufukuza ugonjwa kwa fedha zake. Tangu wakati huo, mtu ambaye namba yake inabadilika haraka hatumkatii vioo kabla ya kumulika lenzi yake.

Jambo la pili linalochelewesha watu ni habari ya kuiva, yaani kwamba mtoto wa jicho ungojwe ukomae ndipo utolewe. Zamani madaktari walingoja ukungu ukomae kwa sababu ya namna walivyokuwa wakiitoa lenzi; kwa upasuaji wa leo hakuna haja hiyo. Kinachoamua ni kazi unazoshindwa kufanya. Lenzi iliyoachwa kupita kiasi huwa ngumu, na katika baadhi ya macho huanza kuvuja na kupandisha presha ya jicho kwa maumivu makali, na hapo mgonjwa hupelekwa mbio kwa jambo ambalo lingefanywa kwa utulivu.

Kwa wakazi wa Mbeya, barua yetu huelekeza kwenye kliniki ya macho ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au hospitali nyingine yenye daktari wa macho iliyo karibu na anakoishi mgonjwa. Usitegemee kupasuliwa siku ya kwanza. Watapima presha ya jicho na presha ya damu, watapima sukari, na watatia matone ya kupanua mboni ili waone retina ilivyo, kwa hiyo siku hiyo usiende ukiendesha gari wala pikipiki. Kisha hufanyika kipimo ambacho wagonjwa hukiona kidogo na ambacho sisi wa miwani tunakiheshimu sana, yaani kupima mviringo wa konea na urefu wa jicho ili kuchagua nguvu ya lenzi itakayowekwa. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 23 au 24 hivi, na kosa la milimita moja tu linaweza kumwachia mgonjwa mahitaji ya miwani ya namba karibu tatu. Ukiambiwa utulie na kutazama mbele, basi tulia kweli.

Taja dawa zote unazotumia. Wazee wa kiume wanaomeza tamsulosin kwa ajili ya tezi dume huona hayahusiani na macho, kumbe dawa hiyo huifanya mboni ikatae kubaki wazi wakati wa upasuaji, na daktari akijua mapema hujiandaa. Taja vilevile dawa za kuzuia damu kuganda, na kikohozi, kwa sababu utatakiwa kulala chali bila kutikisika.

Wengi hutuuliza kama hicho kitu kinachowekwa ndani hakitaoza. Lenzi ya bandia ya kwanza iliwekwa na daktari Harold Ridley mjini London mwaka 1949, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za kivita vilivyowaingia marubani machoni vilikaa humo bila jicho kuvikataa. Lenzi za leo ni bora zaidi, na ikishawekwa hukaa maisha yote; haitolewi kusafishwa wala haibadilishwi kila baada ya miaka kadhaa kama baadhi ya watu wanavyosimuliana kwenye daladala.

Usiku wa kuamkia upasuaji, oga na uoshe nywele vizuri, kwa kuwa kwa siku kadhaa hutaruhusiwa kumwagia kichwa maji. Usipake wanja wala mafuta usoni. Kuhusu kula na kumeza dawa zako za kila siku, fuata ulivyoelekezwa na hospitali, usifuate alivyoelekezwa jirani. Njoo na mtu wa kukushika mkono wakati wa kurudi.

Asubuhi hiyo jicho litakalofanyiwa kazi hutiwa alama, halafu hutiwa matone mara kwa mara hadi mboni itanuke. Mtu mzima kwa kawaida halazwi usingizi. Hupewa ganzi, ama ya matone, ama ya sindano pembeni mwa jicho, na hiyo sindano, tusidanganyane, huuma kidogo na kuleta hali ya kubanwa kwa dakika chache. Baada ya hapo uso hufunikwa kitambaa kinachoacha jicho moja wazi, na utaona mwanga mkali wa darubini, kisha rangi zinazoogelea, bila kuona kisu wala mkono wa daktari. Utahisi maji yakitiririka na vidole vikigusa paji la uso, utasikia wauguzi wakizungumza na mashine ikilia, lakini hupaswi kusikia maumivu. Ukiyasikia, sema kwa sauti ya taratibu bila kuinua kichwa. Daktari hufungua mlango mdogo pembeni mwa jicho. Akitumia mashine ya mawimbi ya sauti inayoivunja lenzi vipande, mlango huo huwa wa milimita mbili hadi tatu. Akiitoa lenzi ikiwa nzima, njia ambayo katika hospitali zetu nyingi ndiyo ya kawaida na ambayo hutoa matokeo mazuri sana, huwa wa milimita sita au saba, na mara nyingi hujifunga wenyewe bila uzi. Kifuko chembamba kilichoishika lenzi ya zamani huachwa, na lenzi mpya huwekwa humo. Kwa macho mengi kazi yote haizidi nusu saa, na jicho halitolewi nje kamwe, hofu ambayo bado tunaisikia kila wiki.

Utatoka ukiwa umefungwa bandeji, ambayo hufunguliwa kesho yake. Usikate tamaa ukiona ukungu asubuhi hiyo. Konea huwa imevimba kidogo, na uoni husafika kwa siku zinazofuata. Yule mama wa mchele alitusimulia kwamba kitu cha kwanza kumshtua kilikuwa noti ya elfu moja, ambayo alikuwa amesahau kwamba ni ya bluu. Ndivyo inavyokuwa: lenzi ya zamani iliyogeuka manjano ilikuwa inaichuja bluu yote.

Hapa ndipo tunapoomba familia iwe macho zaidi, kwa sababu daktari amemaliza sehemu yake na sehemu iliyobaki inafanyika nyumbani, Tukuyu au Chunya, mbali na hospitali. Matone ya kuzuia maambukizi na ya kupunguza uvimbe hutumika kwa takriban wiki nne, yakipunguzwa kwa utaratibu ulioandikwa, hata kama jicho limeshatulia. Nawa mikono kwa sabuni, vuta chini kope la chini, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, funga jicho, na kama kuna dawa ya pili ngoja dakika tano. Usilisugue jicho, usiku livae kile kingio cha plastiki, na usilalie upande huo. Oga kuanzia shingoni kushuka. Anayesujudu aulize mapema, kwani wengi huelekezwa kuswali wakiwa wameketi kwa muda. Jembe, ndoo ya maji kichwani na gunia la viazi vikae kando kwa mwezi mzima, na jiko la kuni apewe mwingine, kwa kuwa moshi humfanya mtu ajisugue bila kukusudia. Ndiyo sababu tunawashauri wakulima wapange upasuaji Julai au Agosti, ili mwezi wa mapumziko usigongane na kulima.

Maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi, usaha, kuona kunakopungua baada ya kuwa kumeanza kuwa kuzuri, au kitu kama pazia kinachoshuka mbele ya jicho: yoyote kati ya hayo ni ya kurudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki bado. Maambukizi ya ndani ya jicho hutokea kwa nadra, lakini yanahesabiwa kwa saa. Wanaopasuliwa kwenye kambi za macho zinazopita wilayani waulize kabla ya kulala mezani ni nani atakayewaona kambi ikishafungwa.

Mtoto wa jicho ukishatolewa haurudi. Baada ya miezi au miaka kile kifuko kilichoachwa kinaweza kuingia ukungu, na hapo hufunguliwa kwa mwanga wa leza kwa dakika chache bila kukata. Jicho lililokwisha kuharibiwa na presha ya macho au na kisukari halitarudishiwa kila kitu, na daktari mwaminifu atakueleza hilo mapema.

Lenzi inayowekwa kwa kawaida imelengwa kuona mbali, kwa hiyo kusoma na kutunga uzi kwenye sindano kutahitaji miwani. Tafadhali usije kwetu wiki ya pili. Namba ya jicho hutulia baada ya wiki nne hadi sita, na miwani tutakayokutengenezea kabla ya hapo itakuwa fedha iliyotupwa. Ikiwa huwezi kungoja kusoma, miwani ya kusomea inayouzwa stendi itakufaa kwa muda huo, na tunasema hivyo tukijua hatupati kitu. Ukija, lete daftari la kliniki na kadi yenye namba ya lenzi. Ikiwa jicho la pili bado linasubiri zamu yake, tutakutengenezea kioo cha upande uliopona na kuacha fremu ileile, ili kioo cha pili kiingizwe baadaye bila kununua fremu mara mbili.