Salamu za Idd kwa Wachezaji Wenzetu wa Mtwara na Lindi, Seva Yetu ya Counter-Strike Ikielekea Kuzimwa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, kaka na dada zetu wa Shangani, Chikongola, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa Masoko, nanyi mliotawanyikia Dar es Salaam. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwisho wa mfungo tukiwa wazima. Eid Mubarak, taqabbalallahu minna waminkum. Ndugu zetu Wakristo mliokuwa mkingoja tumalize tarawehe ndipo mechi ianze, salamu hizi ni zenu pia.

Mwaka umekuwa mgumu. Hela ya korosho iliisha kabla mwezi haujaandama, mchele na mafuta ya kula vimepanda, na bando la leo kesho halipo. Wengi hamkuonekana, na hakuna wa kulaumiwa. Wengine mmeoa na kuolewa, wengine mmepata kazi, wengine mmehamia michezo ya simu. Counter-Strike 1.6, mchezo wetu wa kompyuta wa kupigana risasi, ni wa 2003, na mzizi wake ni nyongeza ya mchezo wa Half-Life waliyoitunga Minh Le na Jess Cliffe mwaka 1999. Kwamba bado tulikuwa tunakimbizana kwenye ramani ya de_dust2 hadi juzi ni jambo la kushukuru. Lakini jioni nzima hupita siku hizi seva, ile kompyuta ya kukodi tunayokutania mchezoni, haina mtu, na kodi yake inalipwa. Idd Tatu, saa sita usiku, inazimwa.

Lililotufika limewafika wakubwa pia. GameSpy, huduma iliyowaonyesha wachezaji seva za kuingia, ilipofungwa tarehe 31 Mei 2014, michezo mingi ilipoteza orodha ya seva zake kwa mkupuo. Ile iliyoruhusu kuunganishwa kwa anwani moja kwa moja iliendelea kuchezwa, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kupeana anwani. Sisi nasi tupeane.

Idd Pili, baada ya Alasiri, tunacheza kwa nyaya, yaani LAN, kompyuta zetu zikiunganishwa zenyewe bila intaneti. Swichi (kisanduku cha kuunganishia nyaya) ya matundu 8 inatosha watu 8, na waya wa Cat5e unavumilia hadi mita 100, hivyo hata wa barazani atafikiwa. Kila mashine ipewe anwani yake ya mtandao (IP) kwa mkono: seva 192.168.1.10, anayefuata .11, na kuendelea, sabneti 255.255.255.0 kwa wote. Namba tatu za mwanzo zisitofautiane, maana mpangilio wa sv_lan ukiwa 1 seva humkataa anayetoka mtandao mwingine. Zimeni Wi-Fi kwenye laptop, la sivyo seva inaweza kushika kadi nyingine ya mtandao na msiione. Kisha faiwoli, kinga ya kompyuta inayozuia mawasiliano: ruhusuni hl.exe, programu ya mchezo, na poti 27015 ya UDP. Hapa ndipo jioni nyingi hupotelea, watu wanabadilisha nyaya saa nzima kumbe zote nzima. Tatizo jingine ni matoleo. Mwenye mchezo wa protokali 47 (namba ya toleo la mawasiliano) akigonga seva ya 48 kwa kawaida hurudishwa mlangoni, kwa hiyo folda ya mchezo iwe moja, inakiliwe kwa flashi moja, kwa wote. Yakitimia hayo, fungua konsoli, dirisha la kuandikia amri mchezoni, uandike connect 192.168.1.10:27015. Na tafadhali, ekstensheni ya ampea 13 haibebi zaidi ya wati 3,000 hivi. Kompyuta nane za mezani inazimudu, lakini asitokee mtu akachomeka na pasi ya kunyooshea kanzu.

Kumbukumbu zetu zimehifadhiwa: demo (rekodi) za mechi, users.ini yenye majina yaliyolindwa kwa nenosiri, na csstats.dat ya takwimu za wachezaji iliyokuwa ndani ya addons/amxmodx/data. Anayetaka nakala aje na flashi. Kwenye LAN wekeni csstats_rank 0, takwimu zihesabiwe kwa jina. Mkiiacha 1, wote mtasomeka kwa kitambulisho kimoja, STEAM_ID_LAN, na rekodi za miaka zitarundikwa kwa mtu mmoja.

Ukiandika /top15, orodha ya wachezaji 15 bora, utaona jina la tatu bado ni la ndugu yetu wa Mikindani, tuliyemzika kabla ya Ramadhani. Kwa kuwa hesabu inafuata jina, yeyote atakayeingia kwa jina lile ataharibu alichokiacha. Nimeliwekea nenosiri kwenye users.ini, na nenosiri hilo simpi mtu. Sauti yake niliisikia kila usiku kuliko ya ndugu zangu wa tumbo moja, na hadi leo nikivaa hedifoni huwa naisubiri.

Mama yake yupo. Idd Mosi baada ya swala tumzuru, kila mtu na kilo mbili za sukari, tusiende mikono mitupu. Anatujua kwa majina ya mchezoni aliyokuwa akiyasikia yakipigiwa kelele chumbani kwa mwanawe. Tujitambulishe hivyo hivyo, atatukumbuka.

Sikukuu ni ya kusameheana. Wote waliofungiwa kuingia kwenye seva kwa ugomvi nimewafungulia kwa amri ya removeid, kisha writeid, maana bila writeid kifungo hurudi seva ikiwashwa upya. Waliofungiwa kwa udanganyifu wangoje. Vijana, aliyemtukania mwenzake mzazi amwendee, amtake radhi kwa mdomo wake. Mwenye deni la bando alilipe, au aombe muda kwa adabu. Adhana ikilia mechi isimame, hata kama bomu limetegwa. Kubashiri kwa fedha kusiingie kamwe kati yetu. Mwenye kazi amkumbuke aliye nyumbani, amuulizie nafasi kabla hajaombwa. Mwenye nguvu asiziache Sita za Shawwal.

Kabla ya Idd Tatu, kila mmoja aniletee jina lake la kweli, mtaa wake na namba ya simu inayopatikana, na namba ya pili ya mtu wa nyumbani, kwa sababu laini hupotea. Orodha nzima nitamrudishia kila aliyemo.

Kullu aam wa antum bikhayr. Mtwara, Lindi, na mlio mbali, Eid Mubarak.