Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu na Florodora

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mhazini mwenyewe, na mihtasari ya vikao katibu ameshaigawa. Mimi naomba muda wangu niutumie kwa Florodora, mchezo wa zamani wa jukwaani wenye nyimbo, kazi iliyotuchukulia karibu Jumamosi zetu zote.

Tulianza kwa kuufuatilia mchezo wenyewe. Ulifunguliwa Lyric Theatre, London, tarehe 11 Novemba 1899, muziki wa Leslie Stuart na hadithi ya Owen Hall, ukaonyeshwa mara 455. Huhesabiwa miongoni mwa michezo ya enzi ya Mfalme Edward wa Saba, ingawa siku hiyo mama yake, Victoria, alikuwa bado malkia. Mwaka mmoja baadaye ulikuwa Casino Theatre, New York, na Desemba 1900 ukafika Melbourne. New York ndiko ulikovuma hasa: maonyesho zaidi ya 500.

Kilichoubeba ni wimbo mmoja. Wasichana sita wenye miavuli na wanaume sita wanatembea jukwaani wawili wawili. Mwanamume anamuuliza binti kama kwao wapo mabinti wengine mfano wake. Binti anajibu wapo wachache. Basi. Tulipoujaribu ndipo tukaujua ugumu wake: mmoja akitangulia nusu hatua, mstari mzima unapinda na mwavuli wake unamziba uso mwenzake.

Tulibishana sana kuhusu kisiwa. Sehemu ya kwanza ya mchezo iko kwenye kisiwa cha kubuni cha Ufilipino, panapotengenezwa marashi ya ua liitwalo florodora. New York ilikishangilia kisiwa hicho wakati askari wa Marekani wakipigana Ufilipino yenyewe, katika vita vilivyoanza Februari 1899. Baadhi yenu mlitaka tusiigize sehemu hiyo kana kwamba vita havikuwapo. Mlikuwa sahihi, na ndiyo maana tuliimba wimbo peke yake, baada ya mwenzetu mmoja kusoma maelezo ya vita hivyo.

Sasa la majina. Wale sita wa kwanza wa New York walikuwa Daisy Greene, Marjorie Relyea, Vaughn Texsmith, Margaret Walker, Agnes Wayburn na Marie Wilson. Walichaguliwa kwa kimo, futi 5 na inchi 4, na kwa uzito, ratili 130, kama nguo za kupima dukani. Kabla maonyesho hayajakoma, wasichana zaidi ya 70 walikuwa wamepita katika nafasi hizo sita. Watu wakavumisha kwamba wale wa kwanza wote waliolewa na matajiri. Mimi linalonigusa ni kwamba walikuwa waitikiaji tu, na majina yao bado tunayo.

Sisi je? Karatasi ya ratiba yetu iliandika mpiga piano, mwongozaji na mimi, halafu neno moja: “waitikiaji”. Baada ya onyesho nilimwona mama mmoja ameigeuza karatasi ile mbele na nyuma, kidole kikishuka mstari kwa mstari, akitafuta jina la binti yake. Hakuliona. Nimemwomba radhi yeye na binti, na leo nawaomba radhi wote kumi na wawili.

Karatasi mpya imeshachapwa, majina yote yamo. Nakala ziko mezani kwa katibu. Kila mwitikiaji achukue mbili, moja yake na moja ya nyumbani.