Barua ya wazi kwa maofisa rasilimali watu wanaojiandaa kurudi darasani

Wapendwa wanangu,

Nawasalimu kwa heshima ninyi nyote mnaofanya kazi katika ofisi za utumishi na rasilimali watu, pamoja na wenzenu wanaotoka ualimu, uuguzi, uhandisi au uhasibu ambao sasa wanafikiria kuingia katika fani hii kwa mlango wa shahada ya uzamili. Wengi mmeniuliza swali lile lile kwa namna tofauti: je, shahada ya uzamili katika usimamizi wa rasilimali watu inastahili miaka na fedha inazodai? Kazi hii nimeifanya hadi kustaafu, nimekaa kwenye meza za usaili na za nidhamu, na nimesoma tasnifu nyingi za wanafunzi wa ngazi hiyo. Nimeona heri niwajibu kwa maandishi, ili kila mmoja wenu alisome jibu kwa nafasi yake na kulipima na hali yake.

Inastahili, tena sana, kwa yule anayekwenda kujifunza namna ya kufanya uamuzi unaogusa riziki ya mtu kwa ushahidi na kwa haki. Anayeitafuta kwa ajili ya cheo simlaumu. Wako waajiri walioiweka kuwa sharti la kupanda daraja, na mwenye familia ya kulea hana sababu ya kuona haya kulitaja hitaji hilo. Ila cheo peke yake hakiwezi kumwelekeza mtu achague chuo kipi, masomo gani ya hiari, wala utafiti wa namna gani, na hapo ndipo nimeona vijana wengi wenye akili wakitumia miaka miwili na kutoka na vyeti vyao wakiwa wanaamua mambo vilevile kama walivyokuwa wakiyaamua kabla.

Nitaeleza ninachokusudia ninaposema ushahidi. Niliwahi kufanya kazi na afisa mmoja kijana aliyekuwa akisoma jioni. Walipofikia somo la mishahara na marupurupu, aliomba idhini ya kuifanyia uchambuzi orodha ya mishahara ya taasisi, akawapanga wafanyakazi kwa daraja, kwa mwaka wa kuajiriwa na kwa jinsia. Katika daraja moja alikuta kwamba wanawake walioingia kazini mwaka mmoja na wanaume, wakiwa na sifa zilezile, walikuwa nyuma yao kwa hatua kadhaa za mshahara. Hapakuwa na kiongozi aliyekaa akaamua kuwapunja. Chanzo kilikuwa swali moja kwenye fomu ya ajira lililomtaka mwombaji ataje mshahara wake wa wakati ule: aliyetoka kwenye mshahara mdogo alianzishiwa mdogo, na kwa kuwa nyongeza ya kila mwaka ilikuwa asilimia ya mshahara, pengo likaendelea kupanuka lenyewe bila mtu kuligusa. Orodha ile ilikuwa ikipita mezani kila mwezi kwa ajili ya sahihi, na jumla zake zilikuwa sawasawa. Kilichokosekana ni mtu aliyefundishwa kuiuliza swali. Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unazungumzia malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na afisa wengi wanaweza kuutaja kwa namba. Wachache wanajua namna ya kukaa na orodha ya mishahara na kubaini kama unatekelezwa ndani ya kuta zao.

Ndiyo maana nawasihi, mnapotazama mtaala wa programu yoyote, mtazame kwanza uzito wa takwimu na wa sheria ya kazi. Najua wengi wenu mlikimbilia fani hii mkiamini kwamba haina hesabu. Sasa imekuwa nayo, na ni heri kuikubali mapema. Ukikuta programu ambayo takwimu ni kozi moja ya utangulizi, na sheria ni mhadhara wa mwisho wa muhula, basi unauziwa marudio ya shahada ya kwanza kwa ada ya juu zaidi.

Jambo la pili mnalopaswa kulitazamia ni kwamba masomo ya uzamili yavuruge baadhi ya mliyokaririshwa. Mlifundishwa ngazi ya mahitaji ya mwanasaikolojia Abraham Maslow, inayoyapanga mahitaji ya binadamu kutoka yale ya msingi hadi ya juu, pamoja na mchoro wake wa piramidi; makala yake ya mwaka 1943 haina piramidi hiyo, mchoro ulikuja baadaye kwa mikono ya wengine. Mlifundishwa majaribio ya kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, yaliyofanyika kati ya mwaka 1924 na 1932, mkaambiwa kwamba wafanyakazi waliongeza uzalishaji kila taa zilipobadilishwa kwa kuwa tu walijua wanatazamwa. Watafiti waliozirudia takwimu za majaribio yale ya taa miaka mingi baadaye walikuta ushahidi wake ni dhaifu kuliko hadithi inavyosimuliwa. Simaanishi kwamba wakongwe hao watupwe. Namaanisha kwamba mhadhiri wa ngazi hii anapaswa kuwafikisha kwenye maandishi ya asili, mkayasoma wenyewe, mkaona nini kilipimwa, kwa watu wangapi, na nini kilidhaniwa tu.

Faida ya tabia hiyo huonekana wazi zaidi kwenye usaili. Mwaka 1998 watafiti Frank Schmidt na John Hunter walichapisha muhtasari wa utafiti wa miaka 85 kuhusu mbinu za kuchagua wafanyakazi, na kwa zaidi ya miaka ishirini fani nzima ikauegemea. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakaonyesha kwamba makadirio mengi ya awali ya uwezo wa mbinu hizo kutabiri utendaji kazini yalikuwa yamekuzwa na namna yalivyosahihishwa kitakwimu, na katika hesabu zao mpya usaili wenye mpangilio ndio ulioshika nafasi ya juu. Usaili wa aina hiyo una sharti zake: maswali yanatokana na uchambuzi wa kazi yenyewe, kila msailiwa anaulizwa yaleyale, vigezo vya alama vinaandikwa kabla mtu wa kwanza hajaingia, na kila mjumbe anaandika alama zake peke yake kabla ya majadiliano. Hili la mwisho msilidharau. Mwenyekiti wa jopo akisema neno moja tu, kwamba kijana huyu amempendeza, kalamu za wajumbe wengine huanza kusogea kuelekea alama yake. Nimelishuhudia mara nyingi, na anayeumia ni mwombaji aliyesafiri na vyeti vyake akiamini kwamba atapimwa.

Mambo haya yameongezeka uzito tangu waajiri waanze kutumia programu za kompyuta kuchuja maombi ya kazi. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba kampuni ya Amazon iliachana na programu yake ya majaribio iliyokuwa imejifunza kutokana na wasifu wa waombaji wa miaka iliyopita, wengi wao wanaume, ikawa inazishusha daraja wasifu zenye kutaja mambo ya wanawake. Mashine iliiga mazoea ya watu na kuyafanya yaonekane kama hesabu safi. Wauzaji wa programu kama hizo watakuja ofisini kwenu, na afisa asiyeweza kuwauliza imejaribiwa kwa nani, na inakosea kwa nani zaidi, atatia sahihi asichokijua.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, kwa sababu kila nchi ina yake, na wajibu wenu ni kuijua ya mahali mnapofanyia kazi. Hata hivyo someni mikataba ya kimataifa ya Shirika la Kazi Duniani ambayo sheria nyingi zimechota humo. Mkataba Na. 158 wa mwaka 1982 unataka mwajiri awe na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, inayohusu uwezo wake, mwenendo wake au mahitaji ya uendeshaji, na unataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa kwa sababu ya mwenendo au utendaji. Mkataba Na. 190 wa mwaka 2019 unahusu ukatili na unyanyasaji kazini, ikiwemo unaotokana na jinsia. Afisa aliyevisoma vifungu hivi kwa makini anaongoza kikao cha nidhamu kwa namna nyingine kabisa: hati ya tuhuma inataja tarehe na kitendo, mtuhumiwa anapewa siku za kutosha kujiandaa, na anayechunguza si yule yule anayehukumu.

Sasa niseme juu ya tasnifu, ambayo ndiyo sehemu ninayoiona ikiharibiwa kuliko nyingine zote. Tasnifu nyingi nilizosoma zina kichwa cha namna moja: mchango wa motisha katika utendaji wa wafanyakazi, mfano wa taasisi fulani. Mwanafunzi anasambaza hojaji, mfanyakazi anaweka alama kwenye ngazi tano kuonyesha anavyoridhika na motisha, kisha kwenye ukurasa unaofuata yeye huyohuyo, dakika ileile, anaweka alama kuonyesha anavyofanya kazi vizuri. Uhusiano unapatikana, na kwa kweli ungekuwa muujiza usipopatikana, kwa kuwa mtu aliyefurahi siku hiyo atajaza juu kote kuwili. Halafu sura ya tano inamshauri mwajiri aongeze motisha. Mwajiri hajapata chochote cha kumsaidia, na mwanafunzi amejifunza kufuata umbo la utafiti pasipo kutafiti.

Nanyi mmebahatika, kwa maana mmekaa juu ya kumbukumbu ambazo watafiti wa nje huzitamani: tarehe za kuingia na kutoka kazini, siku za ugonjwa, alama za tathmini kwa kila msimamizi, malalamiko na hatima zake. Kijana mmoja niliyemshauri alijiuliza kwa nini wauguzi wapya walikuwa wakiacha kazi kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza. Alipozipanga tarehe za kuacha kazi kwa wodi na kwa msimamizi, aliona kwamba wengi walitoka wodi zile zile, na alipowahoji waliobaki na walioondoka, wakamweleza habari za zamu za usiku zilizopangwa bila taarifa. Swali lilikuwa dogo, na jibu lake lilifanyiwa kazi. Tafuteni swali la ukubwa huo kabla hata ya kujaza fomu ya maombi, maana litawaongoza kumchagua msimamizi wa tasnifu, nalo litawabakisha mezani usiku ambao uchovu umewazidi.

Hapo hapo pana tahadhari ambayo siwezi kuipita. Kuruhusiwa kufungua jalada la mfanyakazi kwa ajili ya kazi hakukupi ruhusa ya kulitumia kwa ajili ya masomo yako. Ombeni idhini ya mwajiri kwa maandishi, piteni kwenye kamati ya maadili ya chuo, ondoeni majina na namba za utumishi kabla takwimu hazijahamia kwenye kompyuta yenu binafsi, na kumbukeni kwamba mfanyakazi anayeombwa kujaza hojaji na afisa utumishi wake huenda akaona hana uhuru wa kukataa. Mtu mwingine asiye na mamlaka juu yake na akusanye majibu hayo.

Katika kuchagua aina ya programu, pimeni mnakoelekea. Shahada ya uzamili ya utawala wa biashara yenye mkazo wa rasilimali watu itawapa fedha, masoko na mikakati, na inamfaa anayetazamia uongozi wa taasisi nzima. Ile ya rasilimali watu pekee inazama zaidi katika ajira, malipo, mahusiano kazini na sheria. Anayefikiria uzamivu asichukue njia isiyo na tasnifu, hata kama ni fupi na nafuu, kwani huenda akalazimika kurudi nyuma. Thibitisheni pia kwamba chuo kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi mnayotaka kuajiriwa, na mjue kwamba cheti cha bodi ya taaluma ni kitu kingine, chenye mitihani yake. Kimoja hakichukui nafasi ya chenzake.

Kwa wale mliomaliza shahada ya kwanza juzi, ushauri wangu ni kwamba mfanye kazi kwanza kwa miaka miwili au mitatu. Mtu ambaye hajawahi kumkabidhi mwenzake barua ya kuachishwa kazi, wala kusuluhisha mgogoro wa zamu, atayasikia mafundisho haya kama mambo ya vitabuni. Najua ajira ni ngumu kupatikana, na aliyekosa kazi kabisa lakini amepata ufadhili asiuache upite. Huyo atafute nafasi ya kujitolea katika ofisi yoyote yenye watu wanaoajiriwa na kulipwa, hata kwa siku chache kwa wiki, wakati masomo yakiendelea.

Mwisho ni suala la mwajiri kuwagharamia. Mara nyingi ufadhili huja na mkataba wa kurudi kutumikia kwa muda fulani, au kurejesha fedha zote mkiondoka. Usomeni kama ambavyo mngemsomea mfanyakazi mwingine: muda unaanza kuhesabiwa lini, deni linapungua kadiri mnavyotumikia au linabaki zima hadi siku ya mwisho, inakuwaje nafasi yenu ikifutwa, na je, kuna ahadi yoyote iliyoandikwa kuhusu daraja mtakalorudia. Yasiyoandikwa yaombeni yaandikwe kabla ya kutia sahihi, na nakala moja ibaki nyumbani kwenu.

Wenu katika utumishi,

Mzee mstaafu wa ofisi ya rasilimali watu