Katalogi haitoshi: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho ya Sanaa

YAH: MPANGO WA KUTEKETEZA FAILI ZA MAONYESHO YALIYOPITA

Ndugu Mkurugenzi,

Nimesoma tangazo la ofisi yako kwamba chumba cha nyaraka kimejaa, na kwamba kwa kila maonyesho yaliyokwisha zitabaki nakala mbili za katalogi, yaani kitabu kinachoorodhesha kazi zake, na picha chache za siku ya ufunguzi. Vingine vyote visagwe. Sababu iliyotolewa ni kwamba mambo ya maana yote yamo kwenye katalogi. Nakuandikia hadharani kwa sababu hoja hiyo si sahihi, na karatasi ikishasagwa haina rufaa.

Katalogi hupelekwa kwa mpiga chapa kabla ukumbi haujafunguliwa. Wakati huo kazi nyingi bado zimo njiani au kwenye makasha, na huenda msanii bado anabishana na msimamizi wa maonyesho kuhusu ukuta atakaopewa. Baadaye mwenye mchoro anaghairi kuuazimisha, sanamu inafika ikiwa na ufa, kazi iliyochapwa kwenye ukurasa mzima haitundikwi kamwe. Kwa lugha ya ofisini, katalogi ni ajenda. Muhtasari wa kikao umo kwenye faili: orodha ya msajili, yaani mwenye kuandikisha kazi zinazoingia na kutoka, yenye mistari ya kalamu, ramani ya ukumbi, ripoti za hali ya kila kazi, mikataba ya kuazima, barua, lebo za ukutani, na picha za kumbi zenyewe, zile zisizo na wageni rasmi waliosimama mbele ya michoro.

Chukua maonyesho ya mwaka 1913 yaliyofanyika New York, yanayojulikana kama Armory Show. Ndiyo yaliyowafanya Wamarekani wengi waione kwa mara ya kwanza sanaa mpya ya Ulaya, na zilitundikwa kazi zipatazo 1,300. Katalogi yake ilibidi ichapiwe nyongeza, na hata hivyo haikukamilika. Leo tukitaka kujua nini hasa kilikuwepo, kimetoka kwa nani na kimeuzwa kwa nani, tunarudi kwenye karatasi za waandaaji, hasa za Walter Kuhn, ambazo familia yake haikuzitupa. Ni barua na hesabu za kila siku, yaani aina ileile ya karatasi ambazo mpango wako unaziita taka.

Picha za ukumbi nazo zina uzito ambao haubebwi na picha ya mchoro mmoja mmoja. Mwaka 1915, mjini Petrograd, mchoraji Kazimir Malevich alionyesha mchoro wake wa mraba mweusi. Ukiuona peke yake kitabuni, ni mraba mweusi. Lakini ipo picha ya ukumbi ule, na ndani yake mraba umetundikwa juu kabisa, kwenye kona, mahali ambapo nyumba za Waorthodoksi wa Urusi huweka ikoni, yaani picha takatifu. Picha hiyo moja imebadili namna kazi nzima inavyosomwa. Mpiga picha angeridhika na kupiga michoro mmoja mmoja kwa ajili ya katalogi, tungebaki na maneno ya watu tu.

Halafu kuna suala la haki. Mwaka 1937 Wanazi waliandaa mjini Munich maonyesho ya kuidhalilisha sanaa waliyoiita potovu, baada ya kuzinyang'anya makumbusho za umma za Ujerumani kazi zake. Makarani wa wizara ya propaganda waliandaa orodha ya kazi zaidi ya 16,000 zilizochukuliwa, na kwa nyingi wakaonyesha hatima yake kwa alama. Herufi X ilimaanisha imeharibiwa. Hawakuwa wakihifadhi sanaa, walikuwa wakifunga hesabu. Nakala pekee kamili inayojulikana imo Victoria and Albert Museum, London, ambayo iliiweka kwenye intaneti mwaka 2014. Anayefuatilia mchoro uliopotea wakati ule huanzia hapo. Faili zako za michoro iliyoazimwa zinatumika vivyo hivyo: zinasema mchoro ulikuwa mikononi mwa nani, na mwaka gani. Ile lebo chakavu iliyobandikwa nyuma ya fremu haina maana kama daftari linaloieleza limesagwa.

Sidai kila karatasi ibaki. Ankara za maua na vinywaji, nakala tano za mwaliko uleule, barua za kukumbushana vikao: ziende, tena kwa furaha. Najua pia kwamba baadhi ya faili zina thamani za bima na anwani za watu walioazimisha kazi zao. Hizo zifungwe kwa muda wa miaka maalumu, kama nyaraka nyingine za siri zinavyofungwa. Siri ni sababu ya kufunga kabati, haijawahi kuwa sababu ya kuchoma.

Na tafadhali usijibu kwamba picha zitaingizwa kwenye kompyuta, basi yameisha. Museum of Modern Art ya New York ilipoweka mtandaoni historia ya maonyesho yake tangu 1929, kazi iliyotangazwa mwaka 2016, iliweza kwa sababu karatasi na negativu, zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwake, zilikuwa zimetunzwa. Hazikutupwa kwanza. Tena zenyewe hazisubiri. Negativu za asetati, aina ya plastiki, zikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na karatasi za faksi zilizochapwa kwa joto hufifia hadi zikawa nyeupe. Ukinusa siki kwenye makabati yako, anza na kabati hilo.

Ninachoomba ni kidogo. Simamisha usagaji. Mpe msajili na mtunza nyaraka mamlaka ya kuamua kinachobaki, maana kazi hiyo kwa sasa imeachiwa idara ya majengo, ambayo shida yake ni nafasi tu. Kwa maonyesho yajayo, agiza kwamba hakuna kazi inayoshushwa ukutani kabla kila chumba hakijapigwa picha na orodha ya mwisho haijasainiwa. Hilo halihitaji jengo jipya, linahitaji saa chache na barua moja yenye sahihi yako.

Wako,
Mtafiti wa historia ya sanaa, na msomaji wa siku nyingi wa faili hizo