Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: SUZA ipewe televisheni yake ya kusomesha

Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika skuli moja ya sekondari Kaskazini Pemba. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninaloliomba si la skuli yangu peke yake. Naomba Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiwe na kituo cha televisheni ya elimu kinachomilikiwa na chuo chenyewe, kinachoonekana kwenye king'amuzi cha kawaida bila ya malipo ya mwezi wala bando, na kazi yake ya mwanzo iwe masomo ya sayansi ya sekondari.

Nieleze hali ilivyo darasani. Tukipima asidi kwa besi, kazi kubwa ni ya jicho. Unafungua koki ya bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye vipimo, kidogo kidogo, mkono mwengine unatikisa chupa, tone baada ya tone, na maji bado hayana rangi. Mara tone moja linaingia, rangi ya waridi inatokea na haiondoki. Hapo hapo unafunga na kusoma kipimo. Bureti ikiwa moja na watoto wamejaa mpaka mlangoni, wanaoliona tone hilo ni wa mstari wa mbele tu. Wa nyuma wanaandika jawabu waliloambiwa na wenzao, na siwalaumu. Kamera ikisogezwa karibu na ile chupa, mtoto wa Konde, Pemba, na mtoto wa Makunduchi, Unguja, wote wanaliona.

Tena kuna suala la lugha. Vitabu na mitihani ya sayansi ya sekondari ni vya Kiingereza, na dakika arubaini za kipindi hazitoshi kulieleza jambo mara mbili. Mwalimu wa televisheni anaweza kulieleza kwa Kiswahili mpaka likaeleweka, kisha akalirudia kwa Kiingereza cha mtihani. Na asiyeelewa leo akaliona tena likirudiwa kesho.

Mheshimiwa, Zanzibar si mgeni wa televisheni. Tulikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati wenzetu wa Bara walisubiri mpaka 1994 kupata vituo vyao vya mwanzo. Na watu wa kuifanya kazi hii tunao. Walimu wanasomeshwa kampasi ya SUZA ya Nkrumah, Beit el Ras. Chuo cha uandishi wa habari cha Kilimani kiliunganishwa na SUZA. Wataalamu wa kilimo wapo Kizimbani, wa afya Mbweni. Anayejua somo, anayejua kupiga picha na anayejua kutangaza wote wamo chini ya chuo kimoja.

Kwa nini kiwe cha chuo, na si vipindi vya kuazima nafasi kwengine? Kwa sababu katika kituo cha jumla somo ndilo la kwanza kuondolewa. Mpira ukija, somo linasubiri. Skuli zilipofungwa kwa korona Machi 2020, masomo yalipelekwa kwenye redio na televisheni kwa dharura, na ilikuwa hatua njema, lakini mtoto hawezi kuishi kwa dharura. Chuo Kikuu cha Houston, Marekani, kilifungua kituo chake cha elimu mwaka 1953, na masomo yakarushwa jioni ili wanaofanya kazi mchana nao wasome. Hapa hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mlimani TV. Hatuombi jambo lisilowahi kufanyika.

Naomba sana kisiwe kituo cha kuonesha mahafali, semina na ukataji wa utepe. Saa mbili kwa siku zilizotengenezwa vizuri zinatosha kuanzia. Televisheni ni ghali, nalijua hilo, na gharama yenyewe haiishi siku ya ufunguzi: kuna mafundi, vipuri na mishahara kila mwezi. Ndiyo maana fedha zake ziwe na fungu lake kwenye bajeti ya chuo, zisitegemee mradi wa wafadhili ambao una mwisho wake.

Na Pemba isiwe ya kupokea tu. Popo wa Pemba hapatikani kokote duniani isipokuwa kisiwani kwetu. Analala juu ya miti ya Kidike mchana kweupe, na wapo watoto wetu waliosoma habari za wanyama wa mbali kabla ya kusomeshwa habari zake. Msitu wa Ngezi upo, Misali ipo, mashamba ya mwani yapo. SUZA ina kampasi huku. Iwekwe studio ndogo hapo, na kamera moja ya kutoka nayo nje.

La mwisho ni saa ya kurusha. Wanaosoma mkondo wa asubuhi huenda madrasa mchana. Masomo yawekwe baada ya sala ya Isha, watoto wakiwa nyumbani, na yarudiwe Jumamosi na Jumapili.

Walimu wa sayansi tulioko huku tunaweza kuandaa masomo na kukaa mbele ya kamera. Tukiitwa kupitia Afisi ya Wizara Chake Chake, tutakuja.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa kemia, Kaskazini Pemba