Kaka, usiifute kwanza

Kaka mambo vipi,

Meseji yako ya jana usiku nimeiona, "hii gemu ya kishetani naifuta", nimecheka peke yangu kama chizi halafu nikaona meseji haitatosha, ngoja nikuandikie barua kabisa. Si hata gemu yenyewe, Darkest Dungeon, inaanza na barua. Yule babu anakuandikia urudi nyumbani, jumba la ukoo limeoza, amechimba chini yake mpaka kafungua kitu ambacho hakikutakiwa kufunguliwa, akimaliza kuandika anajiua na wewe ndo unaachiwa msala. Ya kwangu nayo ina kifo ndani, ila tutafika huko.

Kwanza nikulaumu kidogo. Umepoteza mashujaa wako wote wanne kwa mpigo, sawa, lakini ile picha uliyonitumia nimeikuza nikaona yule sista, Vestal, umemweka mbele kabisa! Pale mbele hawezi kuponya mtu, gemu hii kila mtu na nafasi yake kwenye mstari, skili ya kuponya anaitumia akiwa nyuma, kwa hiyo hapo ulikuwa umebeba mganga ambaye mikono yake umeifunga mwenyewe. Na koleo hukununua. Ukikuta njia imezibwa na kifusi na huna koleo wanachimba kwa mikono, damu inashuka, stresi inapanda, na mwanga unapungua juu yake. Chakula sikioni pia, sijui ulidhani wanaenda pikiniki.

Ila nakuelewa, maana na mimi nilianza hivyo hivyo, nikidhani adui ni yale mafuvu yenye mapanga. Kumbe mafuvu kazi ndogo. Shida ni ile stresi, aisee. Kila mmoja ana mita yake ya damu na mita yake ya stresi, ikifika 100 kichwa kinapimwa, mara chache mtu anakuwa jasiri ghafla na kuwapa wenzake moyo, kama nafasi moja kati ya nne hivi, zilizobaki zote anavurugika, anakuwa mwoga, mbinafsi, mtukanaji, amekata tamaa, inategemea. Na akivurugika hakusikilizi tena! Unamwambia piga anakataa, unataka kumponya hataki kuguswa, na kila anachoropoka kinawapandishia wenzake stresi, yaani mmoja anaambukiza nyumba nzima. Ikifika 200 ni mshtuko wa moyo.

Sasa Dismas. Si unamkumbuka, yule mnyang'anyi wa barabarani mwenye bastola, unayeanza naye pamoja na Reynauld, yule mpiganaji wa msalaba. Nilikuwa nao Magofuni wote wawili, na sista, na daktari wa tauni mwenye barakoa ya mdomo wa ndege. Kazi yenyewe ndogo, kutembelea asilimia 90 ya vyumba basi. Vikabaki viwili. Mienge imeisha, na unajua kila hatua mpya inakula mwanga, giza likiingia majitu yanapiga kwa nguvu zaidi ila na mali inaongezeka, hapo ndipo wanapokunasa, maana nilikuwa naiona dhahabu inaingia tu. Dismas stresi ipo 80 na kitu. Kitufe cha kuacha msafara kipo pale pale kwenye skrini, nikakiangalia kabisa kwa macho yangu haya, nikasema vyumba viwili tu bwana.

Mlango unafunguka namkuta yule mifupa anayekaa nyuma na kikombe cha divai. Kaka ukimuona huyo muue yeye kwanza, waache wenye mapanga, damu yake kidogo tu lakini kile kikombe akikutikisia stresi inaruka. Mimi nikaanza na wa mbele. Dismas akafika 100, akatoka mtukanaji, akaanza kumtukana sista, sista naye si akafika 100, akakata tamaa, zamu yake ikifika anaacha kuponya anatuambia wote tutafia humu. Damu ya Dismas ikafika sifuri. Sasa sifuri sio kufa, unasimama mlangoni pa kifo, kila pigo linalofuata una asilimia 67 za kupona, na yule mtu alipona pigo la kwanza, la pili, la tatu! Nikasimama kwenye kiti. Akabaki adui mmoja. Zamu ya sista ikaja, akafungua tena mdomo kulalamika, stresi ya Dismas ikagonga 200, na mshtuko wa moyo ukikukuta mlangoni pa kifo hakuna tena mjadala. Mapanga matatu yamemshindwa, ameuliwa na maneno ya sista. Na aliyeanza maneno ni yeye.

Nikafunga gemu fasta nikafungua tena, wapi, ilishajisevu, hii kitu haina kurudi nyuma hata kidogo. Na ile sauti ya msimuliaji, yule babu wa barua, imetulia tu inakuhubiria juu ya maiti. (Wayne June yule, alikuwa anasoma hadithi za kutisha za Lovecraft, wale jamaa wa Red Hook wa Canada walioitengeneza gemu wakamchukua kwa ajili ya sauti hiyo, amefariki mwanzoni mwa 2025 na siku nilipojua nilifungua gemu nikaiacha tu babu aongee.) Bila ile sauti na zile picha zenye wino mweusi mzito machoni mpaka huoni mtu anaangalia wapi, nadhani ningekuwa nacheza hesabu tu.

Kilichonichoma zaidi kilikuja wiki iliyofuata. Gari la farasi linaleta watu wapya kijijini, pale mnaporudi baada ya msafara, bure kabisa kila wiki, na humo akashuka mnyang'anyi mwingine, sura ile ile, koti rangi tofauti, jina jingine. Nikamchukia hapo hapo. Nikampeleka gizani bila mwenge na wageni wenzake watatu, kubeba dhahabu tu, walipovurugika nikawafukuza nikachukua wengine, maana kumtibu mtu baa au abasia ni hela, mtu mpya ni bure. Kaka nimefanya hivyo kama wiki sita za mle ndani, na hela iliingia kwelikweli, nisikudanganye. Siku moja nimemfukuza binti mmoja hata jina lake sikusoma, babu akaanza maneno yake, nikajisikia vibaya sana, maana ndo alichofanya yeye, watu kwake walikuwa mienge, ukiisha unatupa. Najua ni gemu. Ndo nakwambia nilivyojisikia.

Kwa hiyo sasa hivi nakimbia. Nakimbia kama mwizi. Mtu akigusa 70 na mbele sijui kuna nini, natoka, wanaongezewa stresi kidogo kwa kukimbia lakini mzigo mliookota mnarudi nao na wote wako hai. Kijiji kinakua polepole, sijali. Wewe ulivyo mbishi najua utataka kumaliza kila msafara, tangu zamani hujui kuacha kitu katikati, na hapo ndipo itakuua tena.

Iweke tena basi. Ukikuta inakuonea, kuna modi ya Radiant, ni fupi kidogo na haina roho mbaya sana, wala sitakucheka (nitakucheka siku moja tu). Na ukifika mahandaki ya nguruwe, kuna mfalme lile jitu kubwa na kinguruwe kidogo pembeni kinaitwa Wilbur, usije ukamgusa Wilbur kabla ya mkubwa wake. Usiulize, niamini tu.

Reynauld yupo hai, levo 4. Ni mwizi bado, ana ule ugonjwa wa kudokoa, tukifungua kasha anaingiza mfukoni mbele yetu sote, mpiganaji wa msalaba mzima. Nimempeleka Sanitarium, hospitali ya kijijini, wakamtoe hiyo tabia, wiki nzima hatoki, na bila yeye mimi siingii kokote, ndo maana hata nimepata muda wa kukuandikia.

Mimi wako yule yule