Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka nyumbani kwa Fundi

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki,

Bwana Yesu asifiwe. Poleni na pilikapilika za mwisho wa mwaka.

Miaka yote salamu hizi mlizipokea kutoka kwa Mzee, baba yetu, fundi wa magari, na mnajua kwamba maneno yalikuwa yale yale, alichobadilisha ni tarakimu za mwaka tu. Kuna mara alisahau hata hizo, akatutakia heri ya mwaka ambao tulikuwa tunaumaliza, tukamcheka Januari nzima. Sasa zamu imeniangukia mimi, kifungua mimba wake. Nilifungua salamu yake ya mwisho nikitaka nami nibadilishe mwaka nimalize kazi. Nikashindwa.

Hii ni Krismasi ya kwanza bila yeye. Kwa watu wengine Desemba ni mwezi wa mapumziko, lakini fundi hana Desemba. Mwenye gari anakumbuka wiki ya mwisho kwamba breki zimekuwa zikilia tangu Julai, na kila mmoja anasafiri kesho alfajiri. Mzee hakujua kumwambia mtu hapana. Mkesha wa Krismasi sisi tumeshavaa, Mama yuko mlangoni anatazama saa, naye bado yuko chini ya gari la mtu, inaonekana miguu tu. Aliingia kanisani wimbo wa pili ukiimbwa, amenawa kwa dizeli kisha kwa sabuni ya unga, na bado mistari ya viganja imebaki myeusi kama imechorwa kwa kalamu. Nilipokuwa na miaka 14 nilisogea mbali naye kwenye benchi, wenzangu wasije wakaiona ile mikono. Aliniona nikisogea. Hakusema kitu, siku ile wala baadaye.

Kwa magari alikuwa na maneno. Moshi wa buluu, inakula oili. Moshi mweusi, inakunywa mafuta kupita kiasi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, maji yameingia pasipo pake, kagua gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye silinda. Kifuniko cha rejeta hakiguswi injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka ya kwenda harusini. Na mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake: “Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kuaminia.” Wajukuu wake wanaisema hiyo kabla hawajajua kuhesabu mpaka ishirini.

Wiki iliyopita gari lake lilianza kelele upande wa mkanda. Nikachukua bisibisi yake ndefu nikafanya kama yeye: ncha kwenye bodi ya alternata, ile inayochaji betri, mpini sikioni (msijaribu karibu na feni). Yeye angeihamisha mara mbili tatu, afumbe macho, kisha aseme, “Beringi ya pampu ya maji,” na kweli ndiyo. Mimi nilisikia injini nzima ikinguruma kichwani, nisijue kelele inatoka wapi. Nikabaki nimeinama pale mpaka Mama akatoka kuniuliza kama nimeliona tatizo. Nikamjibu, bado. Hakujua kwamba nilikuwa nalia, au labda alijua.

Baada ya mazishi tulikuta daftari lake la madeni. Majina mengi yamekatwa mstari bila malipo kuandikwa, na pembeni ameweka sababu: “amefiwa”, “mtoto anaumwa”, “kazi imekwisha”. Mama ameagiza daftari lifungwe lisifunguliwe tena. Nami namtii, ingawa wapo waliosimama msibani wakaahidi mbele ya kadamnasi kulipa kabla ya sikukuu. Siwataji. Wanajijua.

Ndugu zangu, katika msimu huu tunamtazama sana Mtoto horini na kumpita yule aliyesimama pembeni. Yusufu alikuwa seremala, mtu wa randa na msumeno. Injili zote nne hazikuandika neno hata moja lililotoka kinywani mwake. Ile ya Mathayo inatuambia aliamka, akamchukua mtoto na mama yake usiku, akaenda Misri. Wangapi kati yetu tumelelewa na baba wa namna hiyo, asiyejua kusema “nakupenda” lakini anajua kuamka usiku? Tusiwaonee haya. Tukae nao benchi moja wangali hai. Na wewe uliyetengenezewa gari, ukashonewa nguo, ukajengewa ukuta, mlipe fundi wako kabla hujasafiri, kwa maana naye ana watoto waliokwisha kuvaa wanamsubiri mlangoni. Tena mpelekee gari mapema! Breki zililia tangu Julai, ulikuwa wapi?

Basi, kwa maneno yake mwenyewe: “Nawatakia nyote Krismasi yenye heri na baraka tele, na Mwaka Mpya wenye afya, amani na mafanikio. Mungu awalinde wasafiri.” Mliobadilishiwa magurudumu, kazeni nati kwa kuvuka upande huu na ule, na mkifika kilomita 50 simameni mzikaze tena.

Kwa niaba ya Mama, wadogo zangu na wajukuu wote,
Kifungua mimba wa Fundi